Namuogopa mpangaji wetu, na kodi yake ndiyo inatulisha

BARUA

Mama Mshauri, jambo sana.

Ninakuandikia kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Jina langu usilitoe, tafadhali, maana kwetu nyumba zimebebana mlimani hivi kwamba mtu akikohoa, jirani wa juu anamwambia pole.

Nina watoto watatu: msichana wa miaka 11, mvulana wa miaka 8 na kitinda mimba wa miaka 2. Mume wangu alikuwa na kazi nzuri ya ofisi. Vita ilipoingia mjini mwanzoni mwa 2025 na mabenki yakafungwa, ofisi nayo ikafunga, na mpaka leo anahangaika na vibarua vya ujenzi. Siku nyingine anarudi usiku sana, siku nyingine analala hukohuko kwenye kazi. Mimi nauza vikwembe (vitenge) soko la Kadutu. Natoka watoto wakienda shule, narudi giza likiingia.

Nyuma ya nyumba kuna kichumba tulichompangisha kijana mmoja, fundi wa simu, hajaoa, nadhani ana miaka 30 hivi. Analipa dolari 30 kila mwezi na hajawahi kutusumbua. Mama, sitaficha: kwa miezi mingi sasa pesa hizo ndizo zinazonunua unga, mafuta na makaa. Shida ni kwamba watoto wote wa parsele, yaani kiwanja chetu chenye nyumba kadhaa, wanamfuata. Ana sola, hivyo umeme ukikatika taa na simu zote zinapelekwa kwake kuchajiwa. Anawaonyesha katuni kwenye simu. Amempa binti yangu jina la mzaha, "bibi yangu", yaani mke wangu, analitamka mbele ya watu na watu wanacheka.

Mwezi uliopita nilipokuwa nafagia chini ya kitanda nilikuta chupa ya mafuta ya nywele, imefichwa ndani ya mfuko wa madaftari ya zamani. Nilimuuliza binti, akanyamaza. Nikamchapa, ndipo akasema ni yule kijana aliyempa. Jumamosi iliyofuata nikamkuta amesimama mlangoni pa kijana akisubiri tochi. Nikamchapa tena, safari hii mbele ya wenzake ili wote waelewe.

Nikuambie kwa nini naogopa hivi. Mimi ni mzaliwa wa Kabare. Miaka ile watoto walipokuwa wanachukuliwa usiku Kavumu, huyu binti alikuwa bado ananyonya. Nilikuwa nalala nimemfunga kifuani kwa kikwembe, na mlango tumeuegemezea meza na mabidoni ya maji ili mtu akisukuma tusikie. Hofu ile haijawahi kunitoka. Tangu nilipoiona chupa ile, usingizi umenipotea. Nimemkataza binti kwenda kuchota maji, kwenda kwa rafiki yake, kwenda kwaya. Kila Jumapili asubuhi namkagua mwenyewe mwilini kuona kama bado yuko salama. Analia, lakini bora alie mikononi mwangu.

Nimemwambia mume wangu tumtoe huyu kijana. Amekataa. Akaniuliza: "Unataka watu wamchome moto kijana wa watu kwa sababu ya chupa ya mafuta?" Anasema ushahidi hakuna, na mpangaji mwingine anayelipa vizuri hivi hatutampata. Mama mkwe naye ananiambia nikianza kumsimulia binti mambo ya wanaume nitakuwa namfungua macho kabla ya wakati wake, na kwamba hayo ni maneno ya aibu mtu kuyatamka mbele ya mtoto.

Angalau namshukuru Mungu kwa mtoto wa kaka mkubwa wa mume wangu. Ana miaka 17, alitufikia kutoka Kalehe vita ilipofika kwao, na tangu hapo yuko nasi. Ni kijana wa sala, hana makelele. Anachota maji, anapika sombe (majani ya muhogo) kunishinda mimi, anamuogesha mvulana wangu na kumfundisha hesabu. Wanalala pamoja sebuleni kwenye matela (godoro) moja. Bila yeye nisingeweza hata kufika sokoni. Huyo mvulana wangu ndiye amekuwa mvivu siku hizi: ameanza tena kukojoa usiku, mwalimu anasema anasinzia darasani, na jioni anaingia kulala na suruali ya shule na mkanda wake kiunoni, ukimwambia avue anakasirika. Kuoga ndiyo vita kabisa. Lakini hayo ni mambo ya utoto, yatapita.

Ninachokuomba ni hiki: nimtoe mpangaji hata kama mume wangu hataki? Na binti nimwambie nini, kwa maneno gani, bila kumharibu akili?

Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU

Mama wa Kadutu, jambo, na pole kwa usingizi uliokupotea.

Umeniuliza mambo mawili: mpangaji aondoke au abaki, na binti aambiwe nini. Nitayajibu yote mawili. Ila katika barua yako kuna la tatu ambalo hukuniuliza, na hilo ndilo lililonifanya nirudi kuisoma tena. Nitalifikia.

Nianze na hofu yako, kwa sababu si hofu ya kuchekwa. Kati ya 2013 na 2016, makumi ya watoto wa kike wa Kavumu, wengine hawajafikisha hata miaka miwili, walichukuliwa usiku kutoka majumbani mwao wakabakwa. Desemba 2017 mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kusini ilimhukumu kifungo cha maisha mbunge mmoja wa mkoa pamoja na wanamgambo wake, na mwaka uliofuata rufaa ikathibitisha. Mwanamke aliyelala miaka ile na mabidoni mlangoni hawezi kuambiwa "tulia tu". Lakini Kavumu imetuachia sisi watu wa huku sura moja ya mbakaji: mgeni, usiku, amevunja mlango, na anayechukuliwa ni msichana. Wanaohudumia watoto walioumizwa, kwetu na kwingine duniani, wanakutana zaidi na sura nyingine. Ni mtu ambaye mtoto anamjua kwa jina, na mlango tumemfungulia sisi wenyewe kwa sababu tunamwamini. Anaweza kuwa mpangaji, mwalimu wa masomo ya jioni, kiongozi wa kwaya, mjomba, au kijana mkubwa wa nyumbani. Na anayeumizwa anaweza kuwa mvulana.

Sasa huyo fundi wa simu. Uliyoniandikia hayamtii hatiani, wala hayamsafishi. Kuchaji tochi za watoto na kuwaonyesha katuni ni ujirani, na mjini kwetu mtu mwenye sola lazima azungukwe. Mimi ningesimama kwenye mambo mawili. La kwanza ni kwamba zawadi ilifichwa. Nani aliamua ifichwe? Kama ni yeye aliyemwambia mtoto "usimwambie mama", hilo ni jambo zito. Kama ni mtoto aliyeificha kwa kuogopa fimbo yako, ni jambo lingine kabisa. Fimbo ilimfanya ataje jina tu. Hayo mengine bado hujayajua. La pili ni huo mzaha wa "bibi yangu". Wanaume wengi wa Bukavu wanausema kwa kila mtoto wa kike bila nia yoyote, najua. Lakini mwenye nia mbaya naye huanza hapohapo, kwa mzaha, akiangalia kama kuna mtu wa nyumba hiyo atakayeukataa. Unaweza kuukataa bila kumshitaki mtu.

Ukimtoa, utapumua, na kwa mama asiyelala hilo si dogo. Hatari yake ni kwamba kichumba kitapata mpangaji mwingine, utaratibu wa parsele utabaki ule ule, na binti atajifunza kwamba akitaja jina chini ya fimbo mtu anafukuzwa na chakula kinapungua. Safari nyingine anaweza kuamua kunyamaza. Na neno la mume wako kuhusu kuchomwa moto usilidharau. Tumeona kwenye avenyu zetu jinsi uvumi wa namna hii unavyokusanya vijana wenye mawe na matairi kabla hata mtu hajauliza lililotokea. Ukiamua kumtoa, mtoe kama mpangaji, kwa muda wa kuhama, bila kutaja sababu usiyoweza kuithibitisha.

Akibaki, asibaki kama zamani. Nendeni kwake wewe na mume wako, mchana, mmwambie mlichoamua kwa parsele nzima: mtoto haingii chumba cha mtu mkubwa yeyote, kuchaji kunafanyika barazani, panapoonekana, zawadi ya mtoto inapitia kwa mzazi, na hayo majina ya "bibi yangu" yaishe. Mwambieni na jirani wa chini hivyohivyo, ili isiwe kesi ya mtu mmoja. Kisha angalia anavyoyapokea. Kijana mwema anaweza kuona haya kidogo, aombe radhi, mambo yaendelee. Anayebishana, anayeendelea kumwita mtoto kwa mlango wa nyuma, huyo atakuwa amempa mume wako kitu cha kuona kwa macho yake mwenyewe. Hata hivyo, kijana mwenye adabu sana mbele yenu bado anaweza kuwa hatari, kwa hiyo adabu yake isikufanye ulegeze utaratibu.

Utaratibu huo una tundu moja: kati ya saa watoto wanapotoka shule na saa unaporudi, nani yuko nyumbani? Kumfungia binti ndani si jibu, maana ndani ndimo alimo na watu hao hao, sasa bila rafiki wala kwaya, yaani bila watu ambao wangeweza kugundua kwamba amebadilika. Mimi ningemrudisha kwenye kwaya na kwa rafiki yake. Ningetafuta mama mmoja wa jirani anayeshinda nyumbani, tukubaliane kwa kikwembe au kwa unga kidogo. Siku nyingine angekuja tu mezani kwangu sokoni na daftari lake.

Kuhusu ule ukaguzi wa Jumapili nitakuwa mkali kidogo, univumilie. Acha, mama. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka desturi hiyo ikomeshwe kwa sababu haina maana yoyote ya kitabibu: huwezi kujua kwa kutazama kama msichana ameguswa au la, na madhara mengi wanayofanyiwa watoto hayaachi alama. Kwa hiyo hupati habari unayoitafuta. Anachopata yeye ni somo kwamba mtu mkubwa anayempenda anaweza kumvua nguo huku analia, na anatakiwa kuvumilia. Najua hukukusudia hivyo. Lakini mwenye nia mbaya anahitaji mtoto aliyejifunza somo hilo hasa.

Na fimbo ya mlangoni ina shida yake pia. Siku kitu kikitokea nyuma ya mlango ule, atakumbuka kwanza kwamba alichapwa kwa kusimama tu mbele yake. Unaweza kurudi kwake na kumwambia: nilikuchapa kwa hofu, sitakuchapa tena kwa jambo hili. Mzazi kusema hivyo si kujishusha.

Maneno umeniuliza. Mtafute siku unamsuka nywele, msipotazamana usoni, umwambie kwa namna yako kitu kama hiki: "Mwili wako ni wako. Hakuna mtu mkubwa, awe mgeni au ndugu, mwenye ruhusa ya kukushika kifuani au katikati ya miguu, wala kukuonyesha wake, wala kukupiga picha huna nguo. Mtu akikuambia usimwambie mama, hilo ndilo la kuniambia kwanza. Hata kama ulipokea zawadi, hata kama uliingia mahali nilipokukataza, hutapata fimbo." Viungo vitaje kwa majina yake. Mtoto anayejua jina la kubembeleza la nyumbani tu atashindwa kumweleza hata muuguzi. Halafu nyamaza, usuke, uache naye aulize. Na usiishie siku moja. Rudia mara kwa mara, kidogo kidogo.

Mama mkwe anaogopa utamfungua macho. Zamani shangazi alikuwa anamfunda msichana ndoa ikikaribia, na kazi hiyo iliheshimika. Ila kwa mtoto wa miaka 11 aliyezungukwa na simu za watu, ndoa ikikaribia ni kuchelewa mno. Usigombane naye. Muulize faraghani, yeye mwenyewe alipokuwa msichana, kuna jambo alilotamani mtu angemwambia mapema? Wazee wa kike wa kwetu wana majibu ya swali hilo, na baadhi hawajawahi kuulizwa.

Nimefika kwenye lile la tatu. Mama, karibu barua yote ni ya binti. Mvulana umempa mistari michache mwishoni, ukaita uvivu. Katika mistari hiyo kuna mtoto wa miaka 8 aliyeanza upya kukojoa kitandani, anayesinzia darasani, anayepigana ili asiogeshwe, na anayelala amevaa suruali na mkanda. Umesema "yatapita". Huenda kweli yatapita. Mtoto anaweza kuanza kukojoa tena kwa maradhi ya njia ya mkojo, kwa kisukari, kwa hofu ya milio ya risasi aliyoisikia, kwa mwalimu anayempiga, kwa kuona baba amepoteza kazi na mama halali. Watoto wengi wa mji wetu wamerudia kukojoa tangu vita iingie. Na anaweza kulala na suruali kwa sababu tu anasikia baridi, au anaona haya ya godoro bichi. Mimi sijui. Wewe pia bado hujui.

Lakini jiulize: kama binti ndiye angekuwa analala na mkanda kiunoni, pembeni ya mtu mwenye miaka 17, ungeniandikia maneno gani?

Simtii hatiani kijana wa watu. Kulea mdogo, kuchota maji, kusali, hayo yanaweza kuwa ndivyo alivyo kweli. Naye alikimbia vita akiwa bado mtoto. Hatujui aliyaona yapi njiani au aliyatendewa yapi. Anaweza kuwa naye anaamka usiku akipiga kelele na kumtisha mdogo wake. Ninachosema ni kwamba matela moja kwa mtoto wa miaka 8 na kijana wa miaka 17 si malazi mazuri hata pasipo ubaya wowote, na kuibadilisha hakuhitaji ushahidi, wala kikao, wala ruhusa ya ukoo. Leo hii mvulana anaweza kuhamia chumbani kwenu, chini, pembeni ya mdogo wake. Sababu unayo, na ni ya kweli: anakojoa, unataka kumwamsha mwenyewe usiku. Kijana hataaibika, na mume wako hatakuwa na la kujibu kwa kaka yake. Kuoga vilevile: mtoto wa miaka 8 anajiogesha, na mlango wa bafu unafungwa. Mpeleke pia kituo cha afya wapime mkojo, ili usiache ugonjwa wa kawaida ukapita huku tukitafuta mengine.

Akishazoea malazi mapya, kaa naye mahali anapopenda, mkifanya kazi ya mikono, mkichambua sambaza (dagaa wa ziwani) kwa mfano. Usimuite mbele ya baba yake na mama mkwe wako. Usimtajie jina la mtu. Mwambie tu ulichokiona: "Nimeona unalala na mkanda. Nieleze." Kisha ungoje, hata kimya kikirefuka. Ukimuuliza "ni yaya (kaka mkubwa) amekufanyia?" umemwekea jibu mdomoni, la ndiyo au la hapana, na yote mawili hayatakusaidia. Asipokuambia kitu, usimchimbe. Kutosema si uthibitisho wa chochote. Yale maneno uliyomwambia binti mwambie na yeye, yale yale, maana wavulana wetu hatuwaambii lolote zaidi ya "mwanaume halii".

Akisema, jitahidi uso wako usimtishe. Mwambie unamwamini, kwamba hakukosea, na kwamba amefanya vizuri kukuambia. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu mwingine, maana ahadi hiyo utalazimika kuivunja. Usimrudishie maswali kila jioni, wala usimfanye arudie mbele ya wazee. Kama ni jambo la siku hizi mbili tatu, kimbilia hospitali kabla ya kitu kingine: dawa za kuzuia VVU zinafaa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Usimuogeshe kwanza, nguo alizovaa zifunge kwenye kikwembe safi uende nazo. Kama ni la zamani, nenda vilevile. Panzi, hospitali iliyoanzishwa na Daktari Mukwege mwaka 1999, wengi wanadhani ni ya wanawake tu, lakini wamezoea kupokea watoto, na hapo hukuti daktari peke yake, bali pia mtu wa kuzungumza na mtoto polepole.

Sheria yetu ya 20 Julai 2006 juu ya ubakaji inamhesabu mvulana sawa na msichana, na kosa hili haliishi kwa faini ya kulipana. Nalisema hili kwa sababu najua mambo yakiwa ya ukoo mbuzi hutajwa mapema. Na mwenye miaka 17 naye ni mtoto mbele ya sheria ya 2009 ya ulinzi wa watoto: anapelekwa kwa hakimu wa watoto, si kwa vijana wa avenyu. Hali ya mahakama mjini kwetu tangu 2025 unaijua kama mimi, sitakudanganya kwamba njia imenyooka. Hospitali inafanya kazi, na karatasi ya daktari iliyoandikwa kwa wakati inaweza kungoja.

Imebaki mume wako. Umemwendea na mpangaji, akasikia kodi; ukimwendea na mtoto wa kaka yake, atasikia ukoo mzima. Pengine ningeanza na kitu ambacho hawezi kukigombea: kijana wetu wa miaka 8 analala na mkanda, njoo usiku mmoja umwone. Yeye ni baba, na kwa barua yako sioni kama kuna mtu aliyemwambia. Baada ya hapo mazungumzo ya parsele, ya nani yuko nyumbani mchana, hata ya fundi wa simu, mtayafanya mkiwa wawili. Kama hatataka kuona, hamisha matela hata hivyo, na uniandikie.